Mama Pasi Awafunda Wasimamizi

Kwa miaka kumi na tisa alipiga pasi mashati katika kiwanda cha nguo, na kila mtu alimwita Mama Pasi. Fundi akinuna, yeye ndiye aliyejua kisa. Waliogombana walikwenda mezani kwake, akawasikiliza huku pasi ikifuka mvuke.

Mwaka mmoja waliletwa wasimamizi wapya watano, vijana wenye vyeti. Ndani ya mwezi mmoja mafundi wanane wakaacha kazi. Meneja akamwita Mama Pasi ofisini.

"Mama, naomba uwafundishe hawa kuishi na watu."

"Mimi niliishia darasa la saba."

"Najua. Vyeti wao wanavyo."

Jumatatu akaingia chumba cha mikutano mikono mitupu. Akawapanga: mmoja awe fundi aliyeharibu kola, mwingine msimamizi wake. Kijana mmoja mrefu, ambaye hata salamu aliitoa kwa kufoka, akaanza: "Wewe una macho au huna?"

"Hebu ngoja," akasema Mama Pasi. "Kola imeshaharibika. Sasa unataka kuharibu na fundi?"

Wenzake wakacheka. Mwenyewe akainamisha kichwa.

"Uliza kwanza. Halafu funga mdomo mpaka ajibu."

Alimrudisha aanze upya mara sita. Ya saba akamkubalia.

Wiki iliyofuata dada mmoja wa kushona vifungo alichelewa siku ya tatu mfululizo. Mama Pasi alimwona yule mrefu akimwendea, akajiandaa kusikia kelele. Wapi. Kijana alivuta kiti akaketi.

"Dada, kuna nini nyumbani?" akauliza, kisha akanyamaza kweli.

Yule dada alichezea uzi kwa muda mrefu. Mwishowe akaeleza kwamba mama yake aliteleza bafuni, na asubuhi hakuna wa kumwachia mpaka shangazi afike. Siku hiyohiyo akahamishiwa zamu ya mchana. Hakuchelewa tena.

Hadi mwaka unaisha, hakuna fundi mwingine aliyeondoka, na watano kati ya wale wanane walikuwa wamerudi. Mama Pasi akapewa chumba chake, mlangoni pameandikwa: Mkufunzi wa Wasimamizi.

Mumewe alikwenda kukiona. Alisoma kibao mara mbili, akavua kofia.

"Na mimi nipatie nafasi darasani."

"Wewe nimekufundisha miaka ishirini na mbili," akajibu, "umefaulu juzi tu."

Wakacheka mpaka mafundi wakageuka kwenye vyerehani vyao kutazama.