Mama Namba Kumi na Saba

Siku Teresia alipoambiwa kwamba Jumatano zake zimefutwa, Mwanahamisi alikuwa amepakata mtoto asiyekuwa wake. Wake mwenyewe, Jamal wa miaka minne, alikuwa uani akiwakimbiza kuku wa watu. Huyu wa mapajani alikuwa kichanga wa siku ishirini na tatu, mtoto wa jirani yake Sumeya. Sumeya alikuwa akimnyonyesha, akimaliza anamrudisha kwa yeyote aliye karibu, kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima. Hampigi, hamkatai. Hamtazami tu.

Mwanahamisi ni mhudumu wa afya wa kijiji, hapo Hewani. Alimaliza darasa la nane, akaolewa na Komora, wakalima ndizi na mahindi ukingoni mwa mto. Miaka miwili sasa ana fulana ya buluu na mizani ya kuning'iniza watoto. Lakini kazi yake hasa ni macho. Anajua ni jiko gani halijatoa moshi tangu asubuhi. Kwa Sumeya aliona kanga ileile siku ya nne, nywele hazijaguswa, maziwa yamelowesha gauni na mwenyewe hana habari. Akajiambia, arobaini yake ikiisha tu, nampeleka kwa Teresia.

Teresia ni mshauri aliyeletwa na shirika moja la Garsen. Kila Jumatano hufika zahanati kwa pikipiki, akakaa na waliojifungua mmoja mmoja, mlango umefungwa. Hatoi dawa wala unga. Anasikiliza. Kuna wanawake waliokuwa wakitembea saa mbili kwa ajili ya hilo tu.

Sasa alikuwa kwenye simu.

"Dada Mwanahamisi, nimefungiwa. Wanasema huku kwenu hakuna haja."

"Haja ya nini?"

"Yangu mimi! Kuna makala ya dokta mmoja, mtafiti wa saikolojia ya afya. Ameandika kwamba kina mama wa mtoni hawapati huzuni ya uzazi. Eti arobaini inawakinga. Na wasomi wenzake wameitaja makala hiyo kwenye maandishi yao mara mia sita na kitu. Nani atabishana na mia sita?"

"Dokta gani huyo?"

"Bishara."

Mwanahamisi alimhamishia mtoto bega la pili. Jina hilo alilijua.

Miaka minne nyuma, Jamal akiwa na siku kumi na tisa, Dokta Bishara alivua viatu mlangoni pake na kuingia na karatasi. Mwanamke mpole, mwenye adabu, hakuna baya la kumsema. Alikaa mkekani, na karibu na kitanda akakaa Bi Binti, mavyaa wa Mwanahamisi, mamake Komora, kama inavyopasa. Mzazi aliye ndani ya arobaini haachwi peke yake na mgeni. Mavyaa ndiye anayempikia uji, anayemkanda mgongo kwa maji ya moto, anayelala miguuni pake. Atatoka aende wapi?

"Je, siku hizi umeona mambo yamekuzidi?" dokta aliuliza.

"Huyu?" Bi Binti alidakia. "Anakula, analala. Hana neno."

"Na wewe mwenyewe, mama?"

"Sina neno," Mwanahamisi alisema.

Maswali kumi, na yote aliyajibu hivyo. Angesemaje? Kusema una neno mbele ya mavyaa ni kumwambia uji wake mbaya, mikono yake haifai, nyumba yake imekushinda. Na kweli Bi Binti alikuwa akimtunza vizuri. Hilo ndilo lililomtia aibu zaidi, kwa kuwa siku zile Mwanahamisi alikuwa akiuwaza mto. Si kwa kuchota maji. Dokta akaandika, akashukuru, juu ya karatasi akatia namba kumi na saba, akaenda nyumba ya pili. Huko nako mavyaa mwingine alikuwa amekaa tayari.

Siku mbili baada ya simu ya Teresia, shirika liliwaita wahudumu wote Garsen kuelezwa matokeo ya utafiti. Dokta Bishara alikuja mwenyewe. Ukutani wakamulika picha ya mstari unaopanda, kila mwaka juu zaidi, na Abduba, mkuu wa shirika pale Garsen, akausomea ukumbi kwa fahari: makala imetajwa mara mia sita na kumi na mbili, katika nchi hamsini na moja.

"Loo!" alisema Rashad, mhudumu kutoka Kipini. "Hata bei ya kamba wa baharini haipandi hivyo."

Watu wakacheka. Mwanahamisi alisimama. Akashika kiti cha mbele.

"Dokta, hao mia sita na kumi na mbili, yupo hata mmoja aliyekuja mtoni kuuliza?"

"Hapana, dada. Wao husoma kilichochapishwa, halafu wanajengea hapo."

"Kwa hiyo wanajengea juu ya maneno yangu. Mimi ndiye mama namba kumi na saba. Nilikwambia sina neno. Nilikudanganya."

Dokta Bishara aliweka chini kile kidude cha kugeuzia picha.

"Kwa nini hukuniambia kweli?"

Swali hilo ndilo lililompandisha hasira. Mtu anakuja kwako siku moja, robo saa, anakuuliza moyo wako mbele ya mwenye nyumba, kisha anakuuliza kwa nini hukusema!

"Mbele ya mavyaa?" alisema. "Dokta, wewe umeolewa? Kina mama mliohojiwa, mpo humu. Nani aliulizwa mavyaa akiwa nje? Ainue mkono."

Hakuna mkono ulioinuka. Mwanamke mmoja wa Wema akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Makala ilipitiwa na wataalamu watatu kabla ya kuchapwa," dokta alisema polepole.

"Hao watatu wana mavyaa?"

Kicheko kikazidi. Abduba akagonga meza. "Dada, tafadhali kaa. Uamuzi umeshapita. Shirika haliwezi kufuata maneno ya mtu mmoja."

"Mmefuata ya nani kama si yangu?" Mwanahamisi hakukaa. "Niliposema sina neno, mlinihesabu. Leo nasema ninalo, nimekuwa mtu mmoja! Kuna mzazi pale Hewani, leo ana siku ya ishirini na tano, mtoto wake hamtazami usoni. Makala yenu inasema hayupo. Basi njooni mniambie ni nani ninayembebea mtoto kila asubuhi."

Abduba akamtazama dokta, akingoja amjibu. Dokta Bishara alikuwa akiutazama ule mstari ukutani. Alipogeuka, hakuzungumza na Abduba.

"Ningeulizaje?" alimuuliza Mwanahamisi.

"Twende nikuonyeshe. Sumeya akikataa, utarudi."

Walifika Hewani jua likiwa utosini. Mwanahamisi alimwacha dokta jikoni kwake, akaenda peke yake kumuuliza Sumeya kwa kumnong'oneza sikioni. Sumeya akakubali kwa kichwa. Kisha Mwanahamisi akamgeukia Bi Barwako, mavyaa wa Sumeya, aliyekuwa akipepea makaa.

"Shangazi, nipe zamu. Kaoge, ukaswali adhuhuri yako kwa utulivu, unyooshe mgongo. Mimi nimezaa, nitamlinda."

"Usimwache."

"Simwachi."

Zamu ya mzazi hupokelewa na aliyezaa, na hakuna mavyaa anayechukia kupumzishwa. Ila lazima aombwe na mtu wa pale. Mgeni mwenye karatasi hawezi kumwambia toka. Bi Barwako alipokwenda zake, dokta akaingia bila karatasi mkononi. Hakuuliza lolote. Mwanahamisi alimkanda Sumeya miguu, akasema, "Mimi nilipomzaa Jamal niliutamani mto." Basi, akaendelea kukanda.

Akahamia mguu wa pili.

"Nikimshika naona mikono si yangu," Sumeya alisema. "Naogopa nitamwangusha. Siku nyingine siogopi, na hapo ndipo ninapojiogopa mwenyewe."

Dokta alipeleka mkono kwenye mkoba, Mwanahamisi akamtikisia kichwa. Mkono ukarudi.

Nje, dokta alisema ataliandikia jarida makala isahihishwe. Itachukua miezi. Na wengi walioitaja, aliongeza akitazama chini, hawatarudi kusoma masahihisho.

"Yaani watu wa nchi hamsini na moja wataendelea kuamini kwamba mimi sikulia?"

"Wengi wao, ndiyo."

"Basi anza na Abduba. Yeye yuko Garsen tu hapo."

Dokta aliandika barua palepale kwenye simu, amesimama, akamsomea Mwanahamisi kabla ya kuituma: makala yake isitumiwe kumnyima mama yeyote huduma. Wiki iliyofuata Abduba alizirudisha Jumatano, kwa miezi sita, kwa majaribio. Mwanahamisi alipoambiwa hakushukuru. Majaribio ya nini, na kina mama wanajulikana kwa majina? Ila hadi siku ya arobaini ya Sumeya, hakuna asubuhi aliyokosa kufika nyumbani kwake.

Jumatano ya kwanza baada ya arobaini walikwenda zahanati wote, na Bi Barwako akiwa mbele. Teresia alipofungua mlango, mavyaa ndiye aliyetaka kuingia kwanza.

"Nimemlea siku arobaini, leo nifungiwe nje?"

Sumeya ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Mama, nishikie mtoto. Naingia mwenyewe."

Mlango ukafungwa. Bi Barwako akakaa kwenye benchi, mshipa wa hasira umemvimba shingoni, mtoto amelala kifuani.

"Anasema nini huko?"

"Sijui, shangazi."

"Ananisema mimi?"

"Sijui. Na akitoka hatumuulizi."

Bi Barwako alimfunika mtoto uso kwa upindo wa leso, akamfunua tena.

"Mimi nilizaa saba," alisema. "Hakuna aliyeniuliza."

Mwanahamisi akamsogelea.

"Nisimulie mimi. Anzia wa kwanza," akamwambia.