Saa Nane Mlango Unafungwa

Wazee wa kanisa waliponiambia kwamba mwanamke hawezi kufundisha wachungaji, nilicheka mbele yao, na sijaomba radhi kwa kicheko kile hadi leo. Nilikuwa nimefundisha Kifaransa miaka kumi na minane katika shule ya sekondari hapa Bunia. Digrii yangu ya theolojia, niliyoisomea jioni baada ya kufiwa na mume, ilikuwa sandukuni chini ya kitanda, inanuka dawa ya nondo. Kanisa letu halimwekei mwanamke mikono ya uchungaji. Sawa. Nilijiambia, kama siwezi kuwa mchungaji, basi nitawatengeneza wachungaji.

Chanzo cha yote kilikuwa agizo. Viongozi wetu waliunda komisio ya kusafisha kazi ya uchungaji, na komisio ikaamua kwamba mchungaji yeyote asiye na breve, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba amesomea kazi hiyo, hatabatiza tena wala kushika meza ya Bwana. Walipewa mwaka mmoja. Asiyeipata angekabidhi kanisa lake kwa kijana aliyehitimu. Lakini ili uingie shule ya kuipata breve hiyo, ulitakiwa kwanza uonyeshe diploma ya Serikali. Mnawaomba diploma watu waliotoka Djugu usiku na godoro kichwani, nyumba zikiwaka nyuma yao na masanduku yote ndani? Niliuliza hivyo kikaoni, kwa sauti, na rais wa komisio akaniomba nipunguze sauti. Sikupunguza.

Nilikuwa na mtu mmoja moyoni. Mzee huyo alichunga kanisa kijijini Djugu zaidi ya miaka thelathini, na vita vilipomtoa huko alianzisha kanisa la turubai katika kambi ya waliokimbia, ukingoni mwa mji. Kaka yangu alipouawa njia ya Bogoro, watu waliogopa kwenda kumzika. Mzee alikwenda. Yeye si wa kabila letu, na siku zile watu wa kwao na watu wa kwetu hawakusalimiana. Alitembea nasi, akasali, kisha akavua koti akashika jembe na vijana. Sasa watu wenye viti na feni walitaka kumwambia hajui kazi. Nilikasirika, na hasira yangu haikai tumboni, hutafuta kazi ya kufanya.

Nikampelekea rais wa komisio pendekezo: mafunzo ya mwaka mmoja, hapa hapa mtaa wa Lumumba, katika chumba nyuma ya kanisa, kwa Kiswahili, bila kuuliza diploma. Aliuliza kama mambo mazito ya Mungu yanaweza kufundishwa kwa Kiswahili. Nikamwuliza yeye husali kwa lugha gani mtoto wake akiwa na homa. Akachukua kalamu.

Niliomba neno moja liongezwe. Kumfundisha mtu kuhubiri na kuandaa meza ya Bwana kunakulazimu usimame mimbarani, na sikutaka shemasi yeyote aje kunivuta sketi mbele ya wanafunzi wangu. Kwa hiyo akaandika kipengele cha sita kwa mwandiko wake mzuri: mwalimu wa mafunzo haya ana ruhusa ya kuhubiri na kutumikia meza ya Bwana katika kanisa anamofundishia. Alikiita kipengele cha mama, akacheka, akapiga muhuri.

Tulichagua Jumanne, kwa sababu Jumamosi ni salongo, kila mtu yuko barabarani na jembe lake akisafisha mtaa, na Jumatatu wake wa wachungaji wako sokoni na waume hubaki na watoto. Walikuja kumi na mmoja, mzee miongoni mwao. Siku ya kwanza walikaa pande mbili, watu wa kwao dirishani, watu wa kwetu mlangoni, na benchi tupu katikati. Nilibeba benchi lile mwenyewe, nikalitoa nje, nikawaambia wasogee. Walisogea. Wachungaji nao ni watoto wa shule wakipata mwalimu anayekazana.

Na mimi nilikazana. Saa nane kamili mlango ulifungwa. Atakayekosa mara tatu, nje. Niliandika ubaoni: asiyekuwepo na lake halipo. Nilijua komisio wanasubiri kusema kwamba mafunzo ya mama ni mchezo, na sikutaka kuwapa nafasi. Niliwafundisha kwamba hubiri lina utangulizi, hoja tatu na hitimisho, nikawapima kwa saa. Saa kumi tulikula bugali na samaki wa chumvi wa Mahagi-Port, na hata pale mezani niliwasahihisha.

Mzee alikuja vizuri wiki za mwanzo. Kisha Jumanne moja alibisha mlango saa nane na robo. Nikafungua kidogo, nikamwona amesimama na udongo mwekundu hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilimwambia saa imepita. Akainamisha kichwa, akaondoka. Baada ya wiki mbili ikawa hivyo tena. Mara ya tatu sikufungua hata mlango, nilisema kutoka ndani. Jioni hiyo nilichukua kalamu ya bic nyekundu nikalikata jina lake katika daftari la mahudhurio, nikaweka tarehe na sahihi, maana kazi yangu huwa safi. Niliumia, lakini nilijisifu pia. Nilijiambia kwamba nisingempendelea mtu hata kama alimzika kaka yangu.

Mwanafunzi mmoja alibaki darasani siku hiyo. Alikuwa mtu wa kwetu, mfugaji ambaye ng'ombe wake wote walichukuliwa vitani, na kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kufurahi mtu wa kwao akifukuzwa, ni yeye. Alisimama akizungusha kofia mikononi.

"Mama, ule muzee alikuwa kwa matanga. Mara zote tatu."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Aseme nini? Kwetu na kwabo ni moya. Mutu hajitetee na maiti."

Hilo nililijua. Nililijua tangu utotoni: aliyetoka kuzika hasemi nimechelewa kwa sababu fulani amekufa, kwa kuwa ni kumtumia marehemu kama karatasi ya ruhusa. Lakini nilikuwa nimekaa miaka mingi mno mahali ambapo watu huleta vyeti vya daktari. Nilikuwa nimemfungia mlango mtu kwa sababu ya adabu yake.

Kesho yake nilipanda pikipiki hadi kambini. Matanga yalikuwa hayajaondolewa, alikuwa amefariki mama wa watoto watano. Nilikaa kwenye mkeka wa wanawake na kumtazama mzee. Hakuhubiri. Alipasua kuni. Aliwagawia watu kazi ya maji, mmoja mmoja, kwa jina. Alimtuma jirani aliyekuwa amegombana na mume wa marehemu ampikie uji, na jirani akapika. Alikaa chini kando ya mfiwa na hakusema kitu kwa saa nzima, na mfiwa alipoanza kusema mwenyewe, mzee aliitikia kwa kichwa tu. Nilirudi siku ya tatu, siku ya kuzima moto wa matanga na kufagia uwanja. Hapo ndipo aliposimama.

"Mulimujua. Mungu naye alimujua. Sasa tufagie."

Basi. Hakuna utangulizi, hakuna hoja tatu. Watu walilia wakishika mifagio, na mimi nilifagia, na niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya mbele ya mtu yeyote mwenye shahada.

Jumanne iliyofuata niliwapeleka wanafunzi kambini. Tulikuta matanga mengine, maana kambini hayakosekani, na nikawaambia wakae wajifunze. Katika daftari nilifungua safu mpya, masaa ya matanga, nikamwandikia mzee masaa yake yote, hata yale ya nyuma. Nikapeleka daftari kwa komisio ili mzee arudishwe, nikitegemea ugomvi. Ugomvi ninaujua. Nilichopewa ni sauti ya upole.

"Siye hatukumukata, mama," alisema rais akinionyesha mstari mwekundu. "Ulimukata weye. Sahihi ni yako."

Akaendelea kunieleza, polepole, kwamba mzee amefukuzwa mafunzoni, kwa hiyo hatapata breve, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri mwaka uishe. Kanisa la turubai lilipewa kijana aliyesoma miaka mitano, na mzee akaambiwa akabidhi kikombe na daftari la ubatizo. Alivikabidhi vimefungwa katika kitambaa safi. Nilipokwenda kumwomba msamaha alinikaribisha kiti chake pekee, akauliza habari za watoto wangu, na kila nilipoanza kulitaja jambo lile aliniuliza habari ya mtoto mwingine.

Kijana hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lijulikane. Alifika na viatu vya kung'aa na mkoba, na matanga ya kwanza yalipotokea alihubiri dakika arobaini. Utangulizi, hoja tatu, hitimisho. Nilikuwepo, na kila hoja niliyoisikia ilikuwa kama niliyofundisha mimi. Saa kumi alirudi mjini, kwa kuwa njia ile si ya kupita jioni. Hakuna aliyepangiwa maji. Siku ya pili mzee alikuja na shoka lake, akakaa kama jirani yeyote, na alipoombwa kusali, alisema hana ruhusa. Alisema hivyo mbele ya wafiwa, mtu aliyesali juu ya nusu ya makaburi yao.

Jumapili, kijana aliandaa meza ya Bwana. Watu walikaa mikono mapajani. Mzee aliinuka akawaomba wapokee, akawaambia meza si ya mtu, ni ya Bwana. Walimsikiliza kwa heshima zote na hawakuinua mkono. Kikombe kilizunguka kimejaa na kikarudi kimejaa.

Jumanne iliyofuata, dakika kumi kabla ya saa nane, nikiwa chumbani Lumumba kuchukua daftari, kijana alisimama mlangoni na kitabu cha kuandikia.

"Mama, mi nilisoma miaka tano," alisema. "Hakuna mutu alinifundisha namna ya kukaa na batu. Nani anaweza kunifundisha?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, maana alikuwa amekalia kiti cha mtu. Lakini swali lake lilinishika. Nani anaweza kumfundisha? Nikasema moyoni, mwalimu. Na neno hilo lilinirudisha kwenye karatasi ya komisio, ile yenye muhuri. Niliisoma nikiwa nimesimama, yote. Kulikuwa na vipengele vinane juu ya mwanafunzi, atahudhuria vipi, atafukuzwa vipi. Juu ya mwalimu kulikuwa na viwili tu. Kimoja kilisema walimu wanateuliwa na msimamizi wa mafunzo, ambaye ni mimi. Kingine kilikuwa cha sita, kile cha mama, kinachomruhusu mwalimu kutumikia meza pale anapofundisha. Breve ya mwalimu haikutajwa popote. Walipoandika walimfikiria mwalimu mmoja tu, mwenye sketi, na walidhani anatosha.

Nilichukua bic ile ile nyekundu. Katika ukurasa wa walimu, chini ya jina langu, niliandika jina la mzee. Somo: matanga. Mahali pa kufundishia: kanisa la turubai, kambini. Nikaweka tarehe na sahihi.

Kijana alikuja nami kwa rais. Rais alisoma, akafunua kurasa mbele na nyuma, akasema mimi mwenyewe ndiye niliyemkata mtu huyu. Nikamwambia nilimkata kati ya wanafunzi, na kweli hakustahili kuwa mwanafunzi. Akauliza huyu kijana atawekwa wapi. Kijana akajibu kwamba atabaki pale pale, ataandika ubatizo na kupasua kuni, na Jumanne atakuwa darasani. Rais alikisoma tena kipengele cha sita. Sikumsaidia. Angeweza kukibadilisha kipengele, na labda siku moja atakibadilisha, lakini ingembidi aite wazee wote na kuwaeleza kwa nini maneno aliyoyaandika kwa mkono wake hayafai. Alipiga muhuri kwa nguvu hadi kalamu zikaruka kikombeni.

Jumapili ile mzee alishika meza, na kikombe kilirudi kikavu.

Na Jumanne iliyofuata, mimi, mwenye mlango na saa, nilichelewa darasa la mzee kambini. Pikipiki ilitoboka gurudumu baada ya kuvuka mto, nikamalizia njia kwa miguu. Nilifika saa nane na robo. Wanafunzi kumi na kijana walikuwa wamekwisha kukaa, na mzee alikuwa mbele, ameanza. Nilisimama pale ambapo mlango ungekuwa, udongo mwekundu hadi kwenye vifundo. Nilifungua mdomo nieleze habari ya gurudumu, kisha nikaufunga.

Mzee aliniangalia miguu. Akaniangalia uso.

"Kuni iko pale, mama," alisema.

Nikalishika shoka.