Kibati cha Friji ya Mama Kelvinator

Fundi wa friji hajui majina ya wateja wake, wala hana haraka ya kuyajua. Mtu akisimama mlangoni mwa karakana, anamtazama juu mpaka chini kisha anauliza, "Wewe si yule wa Sanyo, ya mlango wa bluu?" Mteja anacheka, anakubali. Kuna mwalimu mkuu mzima mtaani pale, mwenye miwani na heshima zake, na fundi anamwita Pasi ya Philips mpaka leo.

Msimlaumu. Alikulia mahali ambapo watu waliitwa hivyo. Ilikuwa safu mbili za vyumba vilivyotazamana, ua mmoja katikati, bomba moja, na kila aliyebahatika kununua kitu chenye jina alibatizwa upya kabla boksi halijafunguliwa. Baba National alikuwa na redio, akaiweka dirishani ili ua mzima usikie taarifa ya habari, anayetaka na asiyetaka. Bi Singer alikuwa na cherehani. Na juu ya wote alikaa Mama Kelvinator, mwenye friji pekee, nyeupe, ndefu kumzidi mumewe, na mlangoni ina kibati cha kung'aa chenye jina la kampuni kwa herufi za mlazo. Ukitaka maji baridi, ukitaka nyama yako ilale salama, unapita kwake, na shikamoo unaitoa mara mbili.

Mama yake fundi hakuwa na chochote cha umeme. Alikuwa akipiga pasi nguo za watu, na pasi yenyewe ya mkaa, ile yenye jogoo wa chuma wa kufungia kifuniko. Haina kampuni, haina maandishi, ina jogoo tu. Basi akaitwa Mama Jogoo. Mwenyewe alicheka, na akipita uani na kapu la nguo kichwani aliwika kabisa, watu wakashika mbavu. Mwanawe wa miaka tisa hakucheka. Shuleni walimwita Kifaranga. Jamani, mtoto aitwe Kifaranga tangu darasa la kwanza, halafu mtegemee awe na akili zilizotulia?

Sasa Kifaranga ana miaka hamsini na minane, mvi zimemjaa, na Mama Jogoo yuko kitandani kwenye chumba cha nyuma, nyumbani kwa mwanawe, akili inamtoka kidogo kidogo. Majina ya watu yalitangulia kuondoka. Ya vyombo yamebaki. Mpe redio aipapase, atakwambia, "Hii ya Baba National." Mwanawe akiingia, anamtazama kwa adabu na kusema, "Karibu, fundi. Umekuja kutazama nini?" Hilo lilimuuma fundi, lakini alilizoea. Asilolizoea ni jina analoitwa dada yake.

Dada yake alikuja miezi mitatu iliyopita, baada ya kufiwa na mumewe, akasema atamtunza mama kwa kuwa fundi hana mke na kutwa nzima yumo majumbani mwa watu akitengeneza. Ni mwanamke wa kazi. Anapika uji, anafua, anamgeuza mama asipate vidonda. Lakini akikaa kwenye kigoda na kuinua kijiko, mama anafunga mdomo kama mlango wa benki.

"Sili cha mwizi," anasema. "Mtoeni mwizi huyo."

Kwa hiyo mama alikula fundi aliporudi tu. Siku nyingine alirudi saa kumi jioni, na uji wa asubuhi ulikuwa umeganda pembeni. Mabega ya mama yakaanza kutokeza mifupa. Muuguzi aliyekuwa akipita kila Jumanne aliuzungushia mkono wa mama vidole viwili, vidole vikakutana.

"Kwa mwendo huu mwezi haumalizi," akasema.

Alipotoka, dada alikunja kitambaa chake polepole. "Jumapili naondoka, mdogo wangu. Tafuta mtu mgeni, mtu yeyote wa barabarani. Atakula mkononi mwake. Hapa sumu ni mimi."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nisemeje? Ameyasahau yote, hata mumewe kamsahau. Kimoja tu ndicho anachokikumbuka, na hicho nacho cha uongo."

Fundi alitazama sakafu. Alijua ni cha uongo. Duniani, kama alivyodhani, alikuwa yeye peke yake anayejua.

Mambo yalikuwa hivi. Mama Kelvinator alimwamini Mama Jogoo mpaka akamkabidhi ufunguo wa friji, maana friji za siku zile zilikuwa na kufuli. Kuipangusa kila Jumamosi ilikuwa kazi ya binti wa Mama Jogoo, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, na mdogo wake alimfuata nyuma kama mkia. Jumamosi moja dada alitoka kumwaga maji machafu. Mdogo akachomoa kijiko mfukoni, akachokonoa kibati mpaka kikabanduka. Hakutaka kukiuza wala kukichezea. Alitaka kukigongomea kwenye kabati lao la vyombo, ili wapita njia waone, na mama yake apate jina la maana kama wenzake. Kabati la mbao, limeliwa na mchwa mguu mmoja, liitwe Kelvinator! Ndizo akili za miaka tisa.

Msumari hakuupata. Kabla jua halijazama ua ulikuwa umewaka moto. Mama Kelvinator alilia kama aliyefiwa. Friji bila kibati, alisema, ni sanduku tu kama sanduku lolote, na watu wataamini vipi? Nani aliingia? Aliyeingia ni mwenye kitambaa cha kupangusia. Dada akaapa, akaapa tena, mpaka sauti ikakauka. Mama akatoka chumbani, akamchapa kwa ndara mbele ya ua mzima. Kesho yake akampeleka kwa shangazi yake, mwendo wa siku nzima, na shule ikaishia hapo. Kila aliyeuliza binti yuko wapi alijibiwa, "Mwizi wangu? Nimemwondoa." Mama aliyasema hayo miaka na miaka, mpaka yakaota mizizi mdomoni.

Na mdogo? Mdogo alisimama nyuma ya pipa la maji, akanyamaza. Alinyamaza siku ile, akanyamaza dada alipoolewa na mtu aliyemzidi umri mara mbili, akanyamaza yeye mwenyewe alipopewa cheti cha ufundi na mama akapiga vigelegele. Miaka arobaini na tisa kibati kilikaa kwenye boksi lake la bisibisi, kimefungwa kwenye kitambaa. Kila alipofungua boksi roho ilimsuta, na kila siku ilibidi alifungue.

Alhamisi mchana alifunga karakana mapema, akarudi nyumbani na kile kitambaa. Dada alikuwa kwenye kigoda chumbani kwa mama, bakuli la uji mapajani, bado la moto.

"Dada, kaa nikwambie kitu."

"Nimeshakaa, baba. Nikae mara ngapi?"

Akakifungua kitambaa, akaweka kibati juu ya shuka. Herufi mbili zilikuwa zimepata kutu, lakini kilisomeka. "Nilikichukua mimi," akasema. "Siku ile, ulipotoka na ndoo."

Dada alikitazama. "Hapana," akasema. "Kilidondoka. Nilisugua kwa nguvu sana, kikalegea, kikadondoka mtu akakiokota. Nimejua hivyo siku zote. Nimemwambia mume wangu hivyo, nimewaambia wanangu hivyo. Mkono wangu ni mzito."

"Mkono wako hauna neno, dada. Nilikichokonoa kwa kijiko."

Mama alikuwa amekwisha kukiokota. Alikipapasa kwa kidole gumba, herufi moja moja, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo hawakuwa wameiona tangu mwaka jana.

"Kelvinator," akasema. "Fundi, umekitoa wapi hiki?"

Fundi akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisikilize. Mwizi si dada. Mwizi ni mimi. Mimi mwanao, Kifaranga. Mwambie dada kwamba umesikia."

"Wewe fundi, acha kujitia kwenye mambo ya watu." Mama akamvuta kwa ukosi wa shati, akashusha sauti kama mtu anayesengenya jirani. "Najua nani alikichukua. Ni yule mwanangu mdogo. Nilikikuta ndani ya soksi yake, chini ya godoro, siku ileile, kabla sijatoka nje na ndara. Nikakirudisha palepale."

Habari ya soksi fundi hakuwahi kumwambia mtu.

"Ulijua?"

"Ala! Nimzae mimi nisijue? Lakini yule alikuwa wa kwanza darasani. Wangemwandika mwizi, nani angemsomesha? Msichana ana shangazi yake, atapokelewa. Yule ningempeleka wapi?" Akamfinya mkono. "Usimwambie mtu, fundi. Hasa binti yangu. Ataumia."

Bakuli halikuanguka, kama mnavyodhani. Dada alilishika vizuri tu, kwa mikono miwili, mvuke ukimpanda usoni. Alikuwa hatua mbili kutoka kitandani na masikio yake ni mazima.

"Kwa hiyo mlijua wote wawili," akasema. "Mmoja huku, mmoja kule. Kumbe asiyejua nilikuwa mimi peke yangu."

"Dada, nisamehe."

"Nimekusikia."

Dada alimpa fundi bakuli na kijiko, akaenda kuchukua begi lake chini ya meza, maana alikuwa ameshalipanga nusu kwa ajili ya Jumapili. Mlangoni alisimama, akamtazama mama kidogo, akarudi hatua tatu kumvutia shuka lililokuwa limeteleza miguuni. Kisha akatoka. Fundi alimsikia akishindana na komeo la geti, lile lenye kukwama, ambalo alikuwa amemwahidi kulitengeneza tangu alipokuja. Hatimaye likafunguka.

Mama alikuwa ameshakificha kibati chini ya mto. Ule mwanga usoni ulikuwa umezimika, na macho yalikuwa yakizunguka chumbani kwa wasiwasi.

"Mwizi katoka?" akauliza. "Sili mpaka atoke."

Fundi alivuta kigoda cha dada yake, akakaa. Kilikuwa bado na joto.

"Bado, mama," akasema. "Yupo hapa. Fungua mdomo."

Mama akadhani fundi anamtania, akacheka, akafungua mdomo, akala mpaka bakuli likaisha.