Mama Vitufe na fomu zilizotoka nje

Saa mbili na robo asubuhi, katika chumba cha chini cha maktaba ya chuo, mwanamke mmoja ameinamia kompyuta hadi pua inakaribia kugusa kioo. Anafungua faili, anakata ukurasa wa kwanza, anahifadhi, anafunga. Anafungua jingine. Feni ya darini inapiga kelele nyingi kuliko upepo inaoleta.

"Mia moja sitini na tatu," anajisemea, na kuweka alama kwenye daftari.

Kazi hii hakuna aliyemtuma. Zimebaki arobaini na tisa, na Ijumaa saa kumi jioni mkataba wake unakwisha.

Wenzake humwita Mama Vitufe. Miezi miwili iliyopita lilikuwa jina la kumsifu. Sasa dada wa mapokezi akilitamka, waliopo hucheka chinichini, naye hujifanya anatafuta miwani.

Ana miaka arobaini na mmoja, mume fundi viatu na watoto wawili wa sekondari. Kwa miaka saba ameajiriwa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Hesabu mwenyewe, ni mikataba ishirini na nane. Kila mmoja ukiisha, huandika barua ya kuomba kazi kama mgeni asiyewahi kuonekana pale.

Anachotunza ni hazina ya kidijitali, yaani kabati kubwa la mtandaoni lenye tasnifu za wahitimu. Nyingi ziko wazi, mtu yeyote anasoma. Lakini tasnifu 212 zimefungwa. Unaona jina na muhtasari tu. Ndani huingii mpaka ipite miaka aliyoomba mwandishi.

Anayetaka kufungiwa hujaza fomu kwa mkono wake. Huandika jina, namba ya simu, mahali anapoishi, na mstari wa mwisho, ule mzito kuliko yote, huandika sababu.

Zamani fomu hizo zilikaa kwenye boksi chini ya ngazi, zikawa zinalowa na kupotea. Mama Vitufe ndiye aliyepata wazo la kuipiga skana kila fomu na kuiweka iwe ukurasa wa kwanza wa tasnifu yenyewe.

"Nilijiona nina akili kweli," anasema. "Fomu inalala na tasnifu yake chumba kimoja, mlango una kufuli. Nani ataiona?"

Kisha mkuu wa maktaba akashuka ngazi, jambo analolifanya kwa nadra. Wageni walikuwa wanakuja kuikagua hazina, naye alitaka iwe na vitufe vya kusambazia kwenye mitandao ya kijamii, kama zilivyo tovuti za wenzao.

Vitufe hivyo haviji vyenyewe. Huchomekwa programu ndogo juu ya ile kubwa, inayoitwa programu-jalizi, kama mtu anavyofunga karia kwenye baiskeli. Baiskeli ni ileile, ila sasa inabeba mizigo ambayo haikuibeba jana. Zilihitajika mbili, moja ya vitufe na nyingine ya kutengeneza picha ndogo ya ukurasa wa kwanza, ili kiungo kinapotumwa kionekane kinapendeza.

"Nipe wiki moja ya majaribio," alimwomba.

"Wiki ya kubandika vitufe?" mkuu alicheka. "Binti yangu wa darasa la nne anabandika stika dakika moja. Weka leo, wageni wanakuja kesho."

Akaziweka. Akajaribu tasnifu kumi, zote zilizo wazi. Kila kitufe kiliitika, kila picha ilikuwa safi.

"Zilizofungwa sikuzijaribu," anasema. "Niliona hazina haja. Kitu kisichosomeka, nani atakisambaza?"

Wanafunzi ndio waliozisambaza. Mwanafunzi akikuta tasnifu anayoitaka imefungwa, hubonyeza kitufe na kuitupa kwenye kundi la darasa akiuliza: "Jamani, nani anayo hii?"

Sasa tega sikio kwa kitendawili hiki. Nyumba ina kufuli, madirisha yamefungwa, na mpita njia ameisoma barua iliyo mezani. Aliingilia wapi? Hakuingia. Kuna aliyeipiga barua picha na kuibandika ukutani kwa nje.

Ndivyo ilivyokuwa. Tasnifu zilibaki zimefungwa, lakini ile picha ndogo ya ukurasa wa kwanza ilikuwa ni fomu, yenye jina, namba ya simu na sababu ya kuogopa.

Wageni walikuja, walipiga makofi, walikata keki. Mkuu aliwaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyoibuni kazi hiyo. Mama Vitufe alikuwa nyuma, ameshika sahani za watu.

Siku ya tisa akaja muuguzi, bado amevaa sare. Alimnyooshea simu.

"Dada, mwandiko huu ni wangu au si wangu?"

"Ni wako."

"Niliandikia wapi?"

"Hapa. Kwenye meza hii."

"Basi niambie msimamizi wangu wa wodi ameusomaje."

Kwenye mstari wa sababu, muuguzi huyo alikuwa ameandika kwamba aliowahoji ni wenzake wa wodini, na msimamizi akijua atamkomesha. Msimamizi alikuwa ameshajua. Tangu wiki ile muuguzi hakupangiwa tena zamu yoyote na wale aliowahoji, na wao wenyewe waliacha kumsalimia.

Kuizima ile picha kulichukua dakika nne. Kuhesabu kulichukua siku mbili: fomu thelathini na nane zilikuwa zimesambazwa, na ziko kwenye simu za watu hadi leo.

"Niliweka kitufe cha kutoa," anasema. "Cha kurudisha hakijatengenezwa."

Alipanda kwa mkuu na orodha, akashauri wote thelathini na wanane waambiwe siku hiyohiyo. Mkuu alifunga mlango.

"Asiyejua hajaumia," alimwambia. "Ukiwaambia, watakuja na mawakili. Na wewe tulia, majina matatu yanathibitishwa ajira ya kudumu mwezi huu. Lako limo. Nimeliandika mwenyewe."

Nyumbani mumewe aliweka chini kiatu alichokuwa anakishona.

"Mama watoto, wewe ni polisi? Miaka saba umebembeleza kiti, leo wanakwambia kaa, unasimama?"

"Nikae nifanye kazi gani? Ya kutunza siri zao huku nikiwaficha kwamba zimetoka?"

Mume aliokota kiatu akaendelea kushona, sindano ikamchoma, akatukana kiatu.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, Mama Vitufe alianza kupiga simu kwa salio lake mwenyewe. Anajitambulisha, anaeleza kilichotoka na lini, anasema kosa la kutojaribu zilizofungwa ni lake.

Mwanamume mmoja alisema, "Kumbe ndiyo maana shemeji hapokei simu zangu." Akakata. Mwingine alimtukana mpaka salio likaisha.

"Nikaongeza salio nikampigia tena," anasema. "Nilikuwa sijamaliza kumweleza."

Mkuu alipopata habari hakugomba. Jumatatu orodha ya waliothibitishwa ilibandikwa ubaoni ikiwa na majina mawili. Walipokutana kwenye korido, alimpisha kwa adabu zote.

"Si ulichagua simu, mama? Endelea kupiga."

Leo ni Jumatano. Mafaili anayoyakata ni tasnifu zilizofungwa; anaziondolea fomu zisitoke tena. Ameshawapigia ishirini na sita. Wamebaki kumi na wawili, na watatu kati yao simu zao zimezimwa. Mumewe, ambaye hasira zimempoa kidogo, amemshauri anakili namba hizo aende nazo nyumbani, awapigie polepole wiki ijayo atakapokuwa hana kazi.

Anatikisa kichwa kabla ushauri haujaisha kusimuliwa.

"Namba hizi haziondoki chumba hiki. Zimeshatoka mara moja kwa mkono wangu, mara ya pili sitakubali. Mpango wangu ni mmoja tu, Ijumaa saa kumi nitoke hapa mikono mitupu, na nyuma yangu asibaki hata mtu mmoja ambaye hajaambiwa."

Anaegemeza kiti kwenye mlango usifunguliwe, anasafisha koo, anabonyeza namba ya mtu wa ishirini na saba. Inaita.