Kopo Lililokatwa Juu

Ipo siku moja ya Kakuma ambayo naikumbuka, mwanangu, na nikiitaja natazama chini. Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuoni na sauti kubwa. Sasa nimestaafu, naishi hapa Lodwar, na wewe ndio kwanza unaanza kazi hii. Nisikilize.

Somo lilikuwa maumbo: nyuso bapa na nyuso zilizopinda. Nilikuwa nimeazima kopo tupu la mafuta kutoka jikoni mwa shule. Nikaliinua juu. "Silinda hii ina nyuso bapa ngapi?"

Akasimama Nakiru, msichana asiyesema sana. "Iko na moja, mwalimu."

"Moja?" Nikafungua kitabu, nikasoma kwa sauti kwamba silinda ina nyuso bapa mbili na mmoja uliopinda. "Wewe macho yako yako wapi?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Alitaka kusema kitu, nikamwambia aketi.

Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Ndipo mwalimu mkuu, Mzee Ekal, akaniita ofisini. Lile kopo lilikuwa mezani.

"Ingiza mkono," akasema.

Mkono ulizama mpaka chini. Mpishi alikuwa amekata kifuniko chote. Chini kulikuwa na uso bapa mmoja. Juu, hewa tupu.

"Mtoto aliangalia kopo, wewe ukaangalia kitabu," Mzee Ekal akasema taratibu. "Kukosea si hoja, mwalimu. Lakini ulimcheka."

Heri angenifokea.

Jioni hiyo nilivuka laga, ule mto mkavu nyuma ya shule, nikafika kwao. "Ejok," nikamsalimu mama yake. Akaitikia bila kuniangalia.

"Anasema hana akili ya shule. Kesho anaenda na mbuzi."

Nikamweleza, Nakiru akisikia, kwamba jibu lake lilikuwa sahihi na kosa lilikuwa langu.

"Ile ya kwanza ulisema mbele ya watoto," mama akasema. "Na hii enda useme huko huko."

Nikasema. Nakiru alirudi, nami nikasimama mbele ya darasa na kopo mkononi, nikaomba radhi. Alisoma mpaka akamaliza shule. Ila miaka yote iliyobaki hakujibu tena swali langu lolote kwa hiari yake. Nilingoja sana.

Basi mwanangu, mtoto akikupa jibu usilolitarajia, muulize ameona nini kabla hujamwambia amekosea. Ulichoshika mkononi, kitazame wewe mwenyewe. Na ukimwaibisha mtu mbele za watu, usimwombe radhi pembeni. Muombe pale pale, upesi, ukijua kwamba huenda usirudishiwe yote uliyopoteza.

Mungu akupe subira na masikio mapole. Kila mtoto atakayeketi mbele yako, Mungu amjalie atoke akiwa mzima moyoni.