Nilivyotafuta Mkono wa Mzee Wangu Mjini Kisii

Mtu akikwambia mji wa Kisii ni mdogo, mwambie auzunguke na magoti yangu. Mimi niliuzunguka tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kulegea, nimevaa viatu vya kanisani, vile vilivyonunuliwa kwa ajili ya kukaa kwenye benchi. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: jiwe lolote alilochonga mzee wangu.

Mzee alikufa, huu sasa ni mwaka wa tatu. Sisi ni watu wa Tabaka, kijiji cha wachonga mawe, na Tabaka ukisikia mlio wa patasi unajua kuna mwanamume anachonga, na ukiona beseni la maji meupe kama maziwa unajua kuna mwanamke anasugua jiwe lililochongwa. Ndivyo kazi ilivyogawanywa. Yeye alichonga tangu kabla hajanioa mpaka kifua kilipomkataa kwa ajili ya vumbi, na ukija kwangu leo hutapata hata kisahani chake. Watu wanashangaa. Lakini kila kilichokauka kilibebwa na mnunuzi, na tulijua kesho atachonga kingine. Hakuna aliyefikiria kuna siku kesho haitakuja na patasi.

Aliyenituma ni binti yetu, mwalimu huko Nyamira. Alinipigia simu akasema, "Mama, watoto wangu hawakumjua babu yao. Nataka waguse kitu alichogusa yeye. Hata kibakuli kilichopasuka." Nikamjibu nitakipata, haraka haraka, kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Nilianzia sokoni. Soko letu lina tabia ya kukuchelewesha. Unakuja kutafuta jiwe, unajikuta umeinama kwenye mboga za chinsaga unauliza kama zimechumwa leo. Mama mmoja kutoka Nyakoe alinishika mkono kunionyesha ndizi zake, tukaanza kulalamikia mvua, halafu majani chai, halafu wakwe. Nilipokumbuka nilichokuja kufanya, miguu ilikuwa imeshachoka na sijafika hata nusu ya soko.

Meza ya mawe ilikuwa mwisho, karibu na wauza mitumba. Mwenyewe ni mama wa umri wangu, mnene, mcheshi, amekaa kwenye kreti ya soda.

"Bwakire buya," nikamsalimia.

"Bwakire buya, mama. Karibu. Nikuuzie nini, tembo au twiga?"

Nikamwambia ninachotafuta. Akanipa maji kwenye kopo, maana yeye pia anajua mawe: jiwe kavu halisemi kitu, limejaa vumbi lake, ila ukililowesha ndipo rangi inatoka, la waridi likawa waridi, la kijivu likawa kijivu, na mikwaruzo yote ikaonekana. Nikaanza kulowesha. Kiboko, bakuli, wapenzi waliokumbatiana, kiboko tena. Nililowesha mpaka meza ikawa inachuruzika na wauza mitumba wakaanza kugomba.

"Mama, unayaosha au unayabatiza?" mwenye meza akaniuliza. "Si uchukue huyu kiboko useme ni wake. Nani atamuuliza kiboko kitambulisho?"

Nilicheka, na wallahi nilifikiri kidogo. Lakini wale watoto wangekuwa wanampapasa huyo kiboko mbele yangu kila nikienda Nyamira, na mimi ningekaa pale nanyamaza. Nilishadanganya katika maisha yangu, sikatai. Niliwahi kumwambia mama mkwe kuku amechukuliwa na mwewe na kuku yuko tumboni mwangu. Lakini kuku aliisha siku hiyo hiyo. Jiwe haliishi.

Nikaenda eksibisheni, lile jengo lenye vijiduka vilivyobanana, kila kimoja upana wa kitanda. Simu, wigi, viatu, simu tena. Muziki unatoka kila upande na hakuna wimbo unaoweza kuusikia wote. Nilipanda ngazi nikishika ukuta. Ghorofa ya pili kijana mmoja alikuwa na rafu ya mawe nyuma ya saa za mkononi, yamepakwa rangi nyekundu na buluu na madoadoa, yanang'aa kama peremende.

"Haya yametoka Tabaka?" nikamuuliza.

"Hapana shosho, haya ni ya Nairobi. Ni kwoliti."

Jiwe linachimbwa nyuma ya nyumba yangu, linapelekwa Nairobi, linarudi Kisii likiwa mgeni. Niliokota bakuli moja nikaligeuza. Chini kulikuwa na karatasi ya bei tu. Wanunuzi wetu hawakuwahi kutaka jina la mtu, na mzee naye hakuwahi kuandika. Nikaketi kwenye stuli ya kijana nikavua kiatu kimoja. Hakunifukuza, Mungu ambariki, aliongeza tu sauti ya redio.

Yeye ndiye aliyenielekeza kwenye galari, mahali pa kuonyeshea sanaa. Alisema iko jengo la tatu, ghorofa ya juu, na watu wa maana ndio huenda huko. Mimi galari sikuwahi kuingia. Ni chumba kikubwa, cheupe, kimya, vitu vichache vimewekwa mbali mbali kana kwamba vimekosana. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanamke wa kwetu amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Imechorwa vizuri, lakini hana hata kata ya majani chini ya mkungu. Huyo shingo yake haifiki hata Mosocho hapo karibu.

Katikati, juu ya kisanduku cheupe, palikuwa na mama ameketi na mtoto, wa jiwe la waridi. Nikasogea. Mzee alichonga akina mama kama hao, wameinamisha kichwa vile vile. Nikalamba kidole gumba nikakipitisha begani mwa yule mama.

"Shosho! Usiguse!" Msichana wa pale alikuja mbio. "Umepaka mate? Umepaka sanamu mate?"

"Pole, mama. Sikuona maji."

Alitaka kucheka na alitaka kunifukuza, nikaona vyote viwili usoni pake. Nikamweleza habari ya mzee. Akaenda kuleta kitambaa chenye unyevu, akanipa mwenyewe.

"Haya angalia vizuri," akasema. "Kazi yake utaijuaje? Alikuwa na alama gani?"

Nikamjibu bila kufikiri, maana hilo nililijua kuliko jina langu. Patasi yake ilikuwa inang'ata kwa ufupi ufupi, ikielekea upande mmoja, kama mbuzi anavyokula ukingo wa jani la mhindi. Kati ya wachongaji wote wa Tabaka ningemtambua gizani.

"Sasa ziko wapi hizo alama?" akaniuliza, ameinama karibu na bega la jiwe.

Ziko wapi? Mimi ndiye niliyeziondoa. Msasa mkali kwanza, halafu msasa mwororo, halafu nta na kitambaa. Ikibaki alama moja mnunuzi anarudisha mzigo, kwa hiyo haikubaki hata moja, hata chini, hata ndani ya makwapa. Mzee alikuwa akilipokea jiwe kwangu analipapasa na kusema, "Umenifuta kabisa, mama," na ilikuwa sifa, na mimi nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nimeuzunguka mji siku nzima nikitafuta kitu nilichokifuta mwenyewe kwa miaka yote ya ndoa.

"Ni yake?" msichana akauliza.

"Sijui, mama. Hakuna njia ya kujua."

Nikamrudishia kitambaa chake. Nilikuwa kwenye ngazi, nimeshika chuma, nikiteremka mguu mmoja mmoja, simu ikalia. Binti yangu, ametoka darasani.

"Umepata?"

"Nimeona mengi. Lake sikulipata."

"Hata moja, mama?"

"Niliyasugua yote. Niliyasugua vizuri sana."

Nilisikia watoto wa shule wanapiga kelele nyuma yake, na yeye anavuta kamasi. Nikangoja.

"Na umekula?" akauliza mwishowe.

"Bado."

"Tafuta chai basi, mama. Kaa chini kwanza."