Pudini ya Mkono wa Shati

Thelma Garside alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na uso wake haukukosa alama. Leo jicho, kesho mdomo. Mumewe, Wilf, alikuwa kuli bandarini hapa Hull, Uingereza, kifua kama pipa. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo kila kofi lilinifikia. Nilikuwa nikigonga ukuta kwa ufagio na kupiga kelele, "Muache, we mnyama!" Naye alinijibu kwa teke la ukutani, sahani zangu zikalia kabatini.

Thelma hakuwa na kwao. Alilelewa na watawa katika nyumba ya yatima, akilishwa uji na viazi, na viboko akibakisha. Kitu alichokipenda duniani ni riwaya. Aliziazima maktaba na kuzificha kwenye banda la makaa, maana Wilf akizikuta huzichana.

Siku moja alinijia, kitabu kimefichwa ndani ya aproni.

"Bi Mabel, hebu sikiliza hapa." Akanisomea kwa haraka: watoto wa mjane wanaingia kutoka kwenye theluji, mama yao anaopoa chunguni mkono wa shati uliovimba, anakata uzi, na ndani kuna kitu kinafuka mvuke, jemu nyekundu inachuruzika. "Hiki ni chakula kweli, au mwandishi kaota tu?"

Nilicheka hadi nikatafuta kiti. "Mwingereza gani wewe hujui pudini ya jemu ya kuviringisha? Bibi yangu aliipika Jumapili, na kweli, ndani ya mkono wa shati kuukuu! Sisi watoto tuliiita mkono wa maiti."

"Mkono wa maiti!" Akaangua kicheko. Miaka yote ile ya ujirani, hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia kicheko chake.

Nikamwelekeza: unga, mafuta ya figo ya ng'ombe yaliyokatwakatwa, chumvi kidogo, maji. Unasukuma, unapaka jemu, unaviringisha, unafunga ncha mbili kwa uzi, unachemsha hadi iwe ngumu kama paja.

Aliipika Jumamosi, Wilf akiwa mpirani. Shati alilitoa kwenye kapu la matambara, lile ambalo Wilf alichaniwa ukosi akipigana baa. Mchana akaniita nikaione. Alikuwa ndiyo kwanza ameilaza mezani, maji bado yanatokota jikoni, mlango ukasukumwa. Timu ya Wilf ilikuwa imefungwa, naye amelewa.

"Nini hicho?"

"Pudini, Wilf. Nimeisoma kwenye..."

"Umeisoma!" Akainama kuitazama. "Hili si shati langu?"

"Lilikuwa kwenye matambara."

"Nani kakwambia ni tambara? Humu ndani mimi ndiye ninayesema kipi tambara!"

Ngumi ilimpata mdomoni. Jino likadondoka sakafuni nikaliona. Nikamrukia Wilf mgongoni. Alinitupa juu ya ndoo ya makaa, nikasikia kifundo cha mkono wangu kikivunjika kama kijiti. Kisha akamshika Thelma nywele, akaanza kumvutia kwenye kile chungu.

"Unapenda kupika, eh? Njoo na wewe uive!"

Mvuke ulikuwa umeshamgusa Thelma shavu pale mkono wake ulipopapasa mezani ukakuta fundo la uzi. Akaishika ile pudini kwa ncha, akaizungusha kwa nguvu zake zote. Pigo la kwanza lilimpata Wilf sikioni, akayumba. La pili kitambaa kikapasuka, jemu ya moto ikamrukia machoni na shingoni. Alilia kama nguruwe anayechinjwa. Akarudi nyuma bila kuona, akajigonga paji la uso kwenye pembe ya jiko, akaanguka.

Thelma hakuacha. Alimpiga mabegani, kichwani, popote.

"Kula! Si nyumba yako? Kula basi, Wilf! Kula!"

Alipiga hadi mkono wa shati ukabaki mtupu, nami nikamvuta kwa mkono wangu mmoja mzima.

Jirani mmoja alikuwa amemwita askari. Aliingia, akaona wekundu ule kutani, akasawajika kama karatasi. Akachovya kidole, akanusa.

"Jemu," akasema, akacheka. "Haya mambo ya mke na mume. Mpeni chai bwana huyu."

Hakutazama mdomo wa Thelma wala mkono wangu. Lakini Wilf alikisikia kile kicheko. Akajiinua, jicho moja limefumba, akaitwaa msumarini ndoano yake ya kubebea magunia, akamchoma nayo askari begani hadi ikakwama mfupani. Basi sheria, ambayo miaka yote haikuwa imemwona Thelma, siku hiyo ilimwona Wilf mara moja. Akafungwa.

Jumapili iliyofuata tuliipika tena kwangu, mimi mkono ukiwa ndani ya plasta. Thelma alitafuna kwa upande mmoja wa kinywa.

"Basi ndiyo hii," akasema.

"Tamu?"

"Nzito." Akafikiri kidogo. "Niongeze."

Akapata kazi ya upishi kwenye kiwanda cha samaki, akalipa kodi ya nyumba mwenyewe. Riwaya akazipanga dirishani, kila mpita njia azione.

Wilf alipotoka alikuja mtaani kwetu, ngozi ya shavu imekunjamana. Akasimama ng'ambo ya barabara. Thelma akafungua mlango, akasimama kizingitini mikono mitupu, akamkazia macho. Mimi, mlangoni kwangu, nilikuwa nimeshashika chuma cha kuchochea makaa. Mwishowe Wilf akatema mate, akainua kola ya koti, akashika njia ya kituo cha treni.

Thelma akaingia ndani, akatapika kwenye sinki, kisha akafungulia maji akaliosha.